Mwacheni Mtoto Azike Kifaranga Chake

Mwaka jana, siku ya pili ya msiba mmoja pale Ujiji, nilitoka chini ya turubai kunyoosha miguu nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya mwembe palikuwa na watoto sita au saba. Walikuwa wamechimba kishimo kwa kijiko, wamemviringisha kifaranga aliyekufa kwenye kipande cha kanga, na mvulana wa miaka kama tisa amesimama mbele, ndiye imamu. Wenzake wamepanga safu nyuma yake. Msichana mdogo alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa kishimo, mchanga umejaa kiganjani, anangoja zamu yake ya kuumwaga. Huyo ndiye aliyefiwa. Baba yake alizikwa jana yake, na hakuna aliyemwita aje kumuaga kabla mwili haujatolewa nyumbani.

Mama mmoja akatokea upande wa jikoni na ndoo yake. Alipoona kinachofanyika alipaza sauti: "Acheni uchuro nyie! Mnataka mtuletee msiba mwingine?" Watoto wakatawanyika. Yule msichana alikuwa wa mwisho kuondoka, na mchanga wake bado kiganjani.

Simlaumu yule mama. Alikuwa na siku mbili hajalala, ana watu mia wa kuwapikia, na yeye mwenyewe amefiwa na kaka. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno hilo, uchuro, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tunawakosea watoto wetu. Kile kilichovunjwa chini ya mwembe ndicho kilichokuwa msiba pekee aliopewa yule mtoto. Ule wa chini ya turubai ulikuwa wa wakubwa. Yeye alikuwa ametumwa "akacheze", naye akaenda kucheza jambo lililokuwa likimuuma.

Nazungumza kama mtu aliyewahi kutumwa akacheze. Nilikuwa na miaka saba baba yangu alipofariki. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo bandarini Kigoma. Nilipelekwa kwa jirani, nikalala huko siku nne, na niliporudi nyumbani niliambiwa na watu wazima niliowaamini: "Baba amesafiri."

Kwa mtoto wa Kigoma neno hilo ni zito. Huu ni mji wa mwisho wa reli. Tangu reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914, hapa ndipo treni inaposimama na kugeuza, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Kila nyumba ina mtu aliyesafiri, na wengi wanaosafiri hurudi, wamechoka, na mkate wa safarini mkononi. Basi siku za treni nikawa nateremka hadi stesheni, kwenye lile jengo la Wajerumani, nakaa pale mpaka abiria wa mwisho ashuke. Nilifanya hivyo kwa miezi mitano. Siku moja tulikuwa tunagombania gololi na mtoto mwenzangu, akakasirika, akasema: "Baba yako mwenyewe si alishakufa!" Hivyo ndivyo nilivyopata tanzia ya baba yangu.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti wake juu ya watoto 378 wa Budapest na maeneo ya jirani, wa miaka 3 hadi 10, kuhusu namna wanavyokielewa kifo. Wale wa chini ya miaka 5 walikiona kama safari au usingizi: aliyekufa yupo mahali, amehama tu. Wa kati ya miaka 5 na 9 walikifanya kifo kuwa mtu fulani anayekuja kuchukua watu. Karibu na miaka 9 ndipo walipoanza kukubali kwamba ni mwisho, na kwamba kila mtu atafika. Watafiti waliofuata wamesogeza umri huo chini, na wengi wanaona mtoto anaanza kuelewa vizuri kati ya miaka 5 na 7. Hata hivyo tazama maneno yetu mawili ya kumfariji mtoto, "amesafiri" na "amelala". Ni yale yale ambayo akili ya mtoto tayari inakosea nayo. Badala ya kumtoa kwenye kosa tunampigia msumari. Wa kwanza atangoja stesheni. Wa pili ataogopa kulala, na tutasema ana mashetani.

Ndiyo maana, kabla sijasema lolote juu ya kuchora na kuimba, nasema hili: sanaa haiwezi kusimama juu ya uongo. Mpe mtoto kalamu za rangi kumi na mbili huku unamwambia baba yuko Dar, utakuwa umempa kitu cha kupotezea muda tu. Aambiwe na mtu anayempenda, kwa sauti ya kawaida, kwamba baba amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hauumi, hasikii baridi, hatarudi. Kisha familia iongeze imani yake: kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, au kwamba tunaamini ufufuo. Mambo ya imani mtoto anayapokea vizuri ikiwa hayakutumika kufunika ukweli wa kwanza.

Sasa nije kwenye sanaa yenyewe. Watu wanaposikia "sanaa kwa watoto waliofiwa" wanafikiri ni jambo la wageni, la mradi, la chumba chenye zulia na mtaalamu mwenye kitambulisho shingoni. Lakini msiba wetu wote umejengwa kwa sanaa. Tuna mbolezi, nyimbo za kilio ambazo kila kabila la nchi hii lina zake. Kanisani kuna kwaya inayokesha na wafiwa. Ujiji kuna kaswida na hitima. Na tuna watani.

Watani wanahitaji kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu sijui jamii nyingine iliyobuni kitu chenye akili kama hicho kwa ajili ya huzuni. Njia ya misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji iliwakutanisha watu wa makabila mengi, na sehemu kubwa ya utani tunaoujua leo ilikolezwa na safari hizo za wapagazi wa Kinyamwezi. Mtani anaingia msibani bila hodi. Anavaa koti la marehemu. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama yeye, anadai wadeni wake kwa sauti yake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka, na katikati ya kicheko wanalia tena, kwa sababu kwa dakika mbili wamemwona mtu wao. Huo ni mchezo wa kuigiza kamili: una mwigizaji, una vazi, una watazamaji, na kazi yake inafahamika, kumrudisha marehemu kidogo ili aagwe vizuri.

Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza kwamba mtu aliyefiwa haendi kwenye huzuni kwa mstari ulionyooka. Anakwenda na kurudi: mara anazama kwenye kumbukumbu, mara anageukia maisha, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomvusha. Mtani alikuwa akiifanya kazi hiyo zamani bila kuiandika. Kwa mtoto mwendo huo ni wa kasi zaidi. Huzama kwenye huzuni kama anayeoga ziwani, dakika tano ndani, kisha hutoka na kukimbia mchangani. Dakika hiyo alikuwa analia, dakika hii anadai andazi. Sisi wakubwa tunatazama tunasema, "Huyu hana uchungu, bado mdogo." Uchungu anao. Pumzi ndiyo fupi.

Kwa hiyo sanaa tunazo, na zinafanya kazi. Kosa letu ni kwamba tumeweka watu wazima tu ndani yake. Mtoto anasikia kicheko cha utani kutoka nyuma ya nyumba. Anasikia mbolezi kupitia ukuta. Akijaribu kutengeneza ya kwake kwa kifaranga na kijiko, anaambiwa uchuro.

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi kandokando ya ziwa. Darasani mwake alikuwa na mvulana ambaye baba yake, mvuvi, alikuwa amekufa majini, na tangu hapo mtoto hakuwa akisema neno darasani. Mwalimu hakumuuliza kitu. Alimpa karatasi na penseli akakaa kando yake akisahihisha madaftari. Mvulana akachora mtumbwi, mawimbi, na mtu mmoja mkubwa sana amesimama ufukweni, na ndani ya mtumbwi mtu mdogo kama kidole. Mwalimu akadhani yule mkubwa ni baba. Bahati njema hakusema alichodhani. Alisema tu, "Hebu nisimulie hapa." Mtoto akasema yule mkubwa ni yeye. Siku ile alikuwa amelilia daftari jipya, na baba akasema basi ngoja niende leo usiku, ingawa upepo haukuwa mzuri. Kwa miezi yote hiyo mtoto wa darasa la tatu alikuwa akiishi na imani kwamba amemuua baba yake kwa daftari.

Hilo ni jambo la kawaida mno kwa watoto, kujiona wao ndio sababu, na hawalisemi kwa sababu ni la kutisha kulisema. Karatasi ilisaidia kwa namna ambayo nadhani inaeleweka zaidi kwetu kuliko kwa Wazungu wanaoandika vitabu vya tiba kwa sanaa. Mtoto wa kwetu amefundishwa asimkodolee macho mkubwa. Mkalishe mbele yako, umtazame usoni, umuulize unajisikiaje, atainamisha kichwa na kusema "vizuri", na hiyo ni adabu njema, hakufanya kosa. Lakini mkikaa bega kwa bega, wote mnatazama karatasi, heshima haijavunjwa na mazungumzo yanapita. Kufinyanga udongo ni vivyo hivyo. Kuchambua dagaa pamoja ni vivyo hivyo, na bibi zetu walilijua hilo: maneno makubwa waliyasema mikono ikiwa kazini.

Ila kuna tahadhari ambayo naiona inapuuzwa. Anayekaa na mtoto asijifanye mganga wa kupiga ramli kwenye michoro. Nimewahi kumsikia mwezeshaji mmoja akisema mtoto ametumia rangi nyeusi, hivyo ana huzuni ya ndani. Mtoto alitumia kalamu nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Mchoro hausomwi kama kipimo cha malaria. Unamuuliza mwenye nao: huyu yuko wapi, anasema nini, hapa pembeni kuna nini. Akinyamaza, unanyamaza naye. Akikunja karatasi akaitia mfukoni, ni yake.

Vifaa havina shida. Watoto wa Kibirizi na Katonga wana mchanga wa kuchorea usiokwisha na mabua ya kuundia mitumbwi. Udongo wa mfinyanzi hauuzwi. Wapo wazazi wa Kiislamu wasioridhia picha za viumbe, na hilo liheshimiwe bila ubishi: mtoto achore nyumba, njia ya kwenda msikitini, mti, mtumbwi, au aache kuchora kabisa atunge. Kutunga ndiko ninakokupenda mimi. Kila mtoto wa marehemu atoe mstari mmoja wa kweli. Baba alipenda mgebuka wa kukaanga. Baba alikuwa akikoroma mpaka mbwa anabweka. Baba hakuniaga. Ukiitia mistari hiyo kwenye mahadhi ya kaswida wanazozijua madrasani, au ya wimbo wa kwaya, utapata mbolezi ya nyumba ile, isiyofanana na ya nyumba nyingine.

Nije sasa kwenye siku inayoniuma kuliko hata ya mazishi, siku ya kugawa. Tunaanua tanga, ndugu wanakaa, na vitu vya marehemu vinagawiwa. Shati kwa baba mdogo, koti kwa mjomba, viatu kwa binamu mwenye mguu unaofanana. Kisha, mara nyingi kwenye kikao hicho hicho, watoto nao wanagawiwa. Mkubwa aende kwa baba mdogo Dar, wa pili kwa shangazi Uvinza, mdogo abaki kwa bibi. Nia ni njema. Hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuwabeba wote, na ukoo unaobeba yatima ni ukoo wa kuheshimiwa. Lakini tazama kwa macho ya mtoto wa miaka minane: ndani ya siku kumi amempoteza baba, harufu ya baba iliyokuwa kwenye shati, na ndugu zake. Anapanda treni na mfuko wa rambo.

Hapa ndipo boksi la kumbukumbu linapoingia, na hili halikuja kutoka mbali. Uganda, miaka ya 1990, akina mama waishio na VVU waliojiunga katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao madaftari ya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, jina lako ulipewa na nani, babu yako alikuwa mtu wa namna gani, mimi nilipokuwa mdogo nilipenda nini. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia, na mama alijua hatakuwapo kusimulia. Afrika Kusini, kituo cha Sinomlando cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kiliieneza kazi hiyo kwa maboksi yenye vitu, picha na simulizi za familia zilizorekodiwa. Na hapa kwetu, Nshamba wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, kazi ya mradi wa Humuliza na mayatima wa UKIMWI ilianza miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 1990, na mafunzo yake yakaenea nchi nyingi za ukanda huu. Kagera si mbali na Kigoma. Wahaya waliyapitia kabla yetu.

Boksi la kiatu linatosha. Ombi langu kwa wazee wa ukoo ni moja: kabla shati la kwanza halijatoka, kila mtoto aitwe achague kitu kimoja. Asichaguliwe, achague. Mara nyingi atachukua kitu ambacho mkubwa asingekitazama, kopo la sigara, leso, rula. Kama aliyefariki ni mama, kanga yake moja ikatwe vipande, kila mtoto aende na chake, na yule wa kwanza abaki na kipande chenye jina la kanga. Halafu waandike, au waandikiwe. Na wanaofuata eda wana nafasi ambayo mipango ya kitaalamu haiwezi kuinunua: miezi minne na siku kumi mjane yuko nyumbani. Jioni mbili kwa wiki akikaa na wanawe juu ya boksi hilo, akiwasimulia jinsi alivyokutana na baba yao, boksi litajaa. Mama naye atakuwa ameomboleza akiwa na mtu wa kumshika mkono. Mtoto hafarijiki kama anayemlea bado amejifungia na uchungu wake peke yake.

Hilo la mlezi si hisia yangu tu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wakakaa na watoto kwa vikundi na walezi wao pia, na kila mtoto akapata nafasi ya kusimulia kifo kilivyotokea. Mwisho wa huduma, watoto hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka tofauti ilibaki wazi katika maeneo mawili ya Kenya. Halikuwa jaribio la sanaa. Lakini linaonyesha mambo mawili ninayoyasisitiza: mtu wa kawaida aliyeandaliwa anaweza, na mlezi awe chumbani. Tafiti za sanaa zenyewe, michoro, muziki, maigizo, nyingi ni ndogo, za vikundi vya watoto wachache. Zinatia moyo. Anayeahidi kwamba ngoma inaponya huzuni anauza kitu asichonacho.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2013 kwamba tiba za kisaikolojia zenye mpango maalumu zisigawiwe kwa kila aliyefiwa asiye na ugonjwa wa akili, na kwamba dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu asipewe mtu kwa sababu tu amefiwa. Nilipolisoma hilo nilifurahi. Mtoto aliyefiwa hajaugua. Anahitaji msiba wake, watu wake, na nafasi ya kutengeneza kitu kwa mikono. Ndiyo maana sipendi mtoto achomolewe kwenye familia apelekwe ukumbini akachore na wageni siku mbili, apigwe picha akilia, picha iende kwenye ripoti. Nimewahi kuona michoro ya watoto waliofiwa imebandikwa ukutani kwenye mkutano, majina yao yameandikwa chini, watu wanapita na vikombe vya chai. Hakuna mtoto aliyeulizwa. Mchoro wa mtoto mwenye huzuni ni siri aliyomwambia mtu mmoja.

Wapo ambao huzuni yao inazidi kipimo. Mtoto asiyekula kwa wiki nyingi, anayesema anataka kumfuata mama, aliyeacha kabisa kucheza na wenzake, au ambaye baada ya zaidi ya miezi sita bado yuko pale pale kama siku ya kwanza, huyo apelekwe hospitali, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure.

Kisha kuna watoto wasio na kaburi. Kigoma tunao wengi. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na asiyeonekana siku za kwanza aghalabu haonekani tena. Waislamu wana swala ya ghaibu kwa asiyekuwapo, na wakubwa huituliza mioyo yao hapo. Mtoto anabaki anatazama maji. Nao wale waliovuka mpaka: Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini kwa zamu. Wengine walikuwa wameacha maiti nyuma bila kuzika. Watoto wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, na wa Nduta, wamebeba misiba isiyofanyika. Kwao mchezo wa mazishi unabeba mzigo mkubwa kuliko kwa yule wa Ujiji, maana hapakuwa na turubai hata la wakubwa. Warundi wamekuja na ngoma zao, na Kirundi na Kiha vinasikilizana bila mkalimani. Nikiwaona wavulana kambini wakipiga ngoma kwa zamu, mmoja akitoka katikati kuruka na wengine wakishika mapigo asianguke, naona mtu aliyepoteza kila kitu ameshikwa na wenzake pande zote. Sina haja ya kuliita tiba.

Shuleni naomba kidogo tu. Mtaala wa 2023 una somo la Sanaa na Michezo, na kila darasa lina mtoto aliyefiwa. Mwalimu asimtaje mbele za wenzake, wala asitoe zoezi la "chora familia yako" bila kumfikiria. Aseme chora mtu unayemkumbuka, na atakayetaka kuchora ng'ombe achore ng'ombe.

Yule msichana nilimkuta tena siku ya arobaini. Bibi yake mzaa baba, mwanamke mwenye neno kidogo, alikuwa amewaita wajukuu kabla ya kugawa nguo, kila mmoja achukue anachotaka. Msichana alichukua kandambili. Alikuwa amezivaa, miguu yake inafika nusu tu, anaziburuza kutoka barazani mpaka mwembeni na kurudi, amepinda bega moja, anakohoa. Shangazi yake mmoja akaanza kusema, "We mtoto, hebu…" Bibi akanyoosha mkono bila kugeuka: "Mwache."

Mtoto akapita mbele yetu tena, akakohoa kwa nguvu, akadai chai. Chumbani, nyuma ya pazia alikokaa eda, tukamsikia mama yake akicheka, kisha akalia, kisha akamwita mwanawe kwa jina la mumewe amletee kikombe.